Picha ya Topista Mlangoni mwa Supamaketi

Muhula mzima wa tatu, mtu yeyote aliyeingia supamaketi ya Nyota Tano mjini Jinja alipokewa na uso wa mama mdogo wangu. Picha yake ilibandikwa ukutani, upande wa kulia wa mlango, pale mlinzi anapokupekua mfuko. Amevaa blauzi ya manjano, mdomo umefunguka nusu kama mtu aliyekatizwa neno, na mkononi ameshika karatasi. Juu yake waliandika kwa kalamu nene nyekundu: WEZI HAWA WASIINGIE. Walikuwa watatu hapo. Kijana aliyeficha chupa ya waragi ndani ya suruali, mwanamke aliyejifunga nepi za duka tumboni ajifanye mjamzito, na mama mdogo Topista, ambaye hakuiba hata kiberiti.

Nitaeleza alichofanya yeye, halafu nitaeleza alichowafanya wao.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, wote wamezaliwa Nabuyonga, Mbale. Aliolewa na baba mdogo Romano, askari wa magereza, mtu wa Kitgum, na wanakaa kambini Jinja kwenye kwota, nyumba ya kazi, ya vyumba viwili. Mimi nakaa nao kwa sababu nasoma Jinja, na likizo narudi kwa mama. Ndani ya nyumba ile tunaongea Kiswahili, kwa kuwa baba mdogo hajui Lugisu, lugha yetu ya Mbale, na Kiacholi cha mama mdogo kinaishia kwenye salamu. Kiswahili chetu ni cha kambi, kina mashimo kama barabara, lakini kinatufikisha.

Kila kinachoingia katika nyumba ile mama mdogo anakipigania. Mche wa sabuni anaukata kwa uzi ili usipoteze unga. Dawa ya meno ikionekana imekwisha, anapasua tyubu kwa mkasi na sisi tunapiga mswaki wiki nyingine nzima. Na anasoma. Hapiti karatasi bila kuisoma, iwe ya dawa, ya mazishi au ya uchaguzi uliokwisha zamani.

Ndiyo maana kuponi ilimpata. Baba mdogo alirudi kutoka zamu na rolekisi, chapati iliyokunjwa na mayai ndani, imefungwa kwenye kipande cha gazeti kama wauza chapati wote wanavyofunga. Mimi nilikula, mama mdogo akasoma gazeti. Kwenye pembe moja ambayo mafuta hayakufika palikuwa na kisanduku kilichozungushiwa vidoti, na picha ya mkasi mdogo. Kilisema ukikate, ukipeleke Nyota Tano, ununue mafuta ya kupikia ya lita tatu kwa nusu ya bei.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Kuponi, mama mdogo. Unawapelekea, wanakupunguzia."

"Wanipunguzie mimi? Wananijua?"

"Hawakujui."

"Basi wana tatizo gani?"

Mwalimu wetu wa biashara alisema mwenye duka hukurushia mfupa ili ulipie sufuria lote, lakini niliona si vizuri kumwambia mtu mzima hivyo.

Baba mdogo ndiye aliyetoa ushauri, akiwa anavua buti. "Topista, sikia. Orijino haitoki nyumbani. Mtu akikuomba karatasi, mpe kopi yenye muhuri. Hii nchi ukiachia orijino, imekwenda."

Na ni kweli, kwetu kila kitu ni hivyo. Kuomba shule ni kopi, kuomba uhamisho ni kopi, hata kusajili laini ya simu wanataka kopi. Sisi wote tulimwona baba mdogo amesema neno la akili. Kesho yake mama mdogo akaenda kwenye fotokopi, akaenda na kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, ambaye hupiga muhuri kwanza na kuuliza baadaye, akaigonga kuponi muhuri wa bluu na kutia sahihi. Orijino akaifunga ndani ya karatasi ya nailoni, akaitia mkobani.

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Keshia alipoiona ile kopi alicheka kwanza, halafu akamwita meneja. Meneja alikuwa Douglas, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, kadi inaning'inia shingoni.

"Nnyabo, mama, hii nini?" aliuliza kwa Luganda, lugha ambayo mama mdogo anaisikia lakini haisemi.

"Kuponi ya mafuta, bwana."

"Hii fotokopi."

"Ndiyo. Ina muhuri."

Foleni nzima ilicheka. Douglas alipoona ana watazamaji, akapandisha sauti. "Mwenyekiti wa kijiji ndiye anauza mafuta siku hizi?"

Mama mdogo hakuelewa kosa liko wapi. Akaitoa orijino ndani ya nailoni, kwa heshima, kama mtu anayetoa cheti cha ubatizo. "Orijino hii hapa, bwana. Nimekuja nayo uione, halafu narudi nayo."

Douglas akashika zote mbili, moja kila mkono, akaziinua juu. "Mmeona? Anayo moja, anatengeneza nyingine! Leo moja, kesho angeleta gunia. Na muhuri wamefoji!"

"Bwana, tafadhali, mimi naomba—"

"Usinisemeshe Kiswahili mimi. Kiswahili cha askari na wezi. Wewe ni askari?"

"Hapana, lakini mume wangu—"

Pale pale, mdomo wa mama mdogo ukiwa wazi kumtaja mume wake, Douglas akainua simu akampiga picha. Kopi ilikuwa mkononi mwa mama mdogo, kwa kuwa Douglas alikuwa amemrudishia hiyo tu. Orijino alibaki nayo. Mlinzi akatutoa nje, na jioni yake mtoto wa jirani akaja kambini anahema: "Mama Topista uko kwa ukuta!"

Watu wazima wakidhalilishwa huwa wanatafuta mtu wa kumchapa. Mama mdogo hakumchapa mtu. Alifua. Alifua nguo safi, akafua na mapazia. Baba mdogo ndiye aliyeumia waziwazi. Siku moja alikuwa anasimamia wafungwa wanafyeka nyasi kando ya barabara, mmoja akamwambia bila kuinua kichwa, "Afande, mama akija upande wa wanawake, tumwekee godoro jipya?" Wenzake wakacheka mpaka mapanga yakasimama. Siku hiyo alirudi nyumbani, hakula, akalala na sare.

Alikwenda kumwomba Douglas akiwa amevaa nguo za kiraia. Douglas akamwambia picha haitoki, hiyo ni sera ya duka. Halafu mkuu wa kambi akamwita ofisini. Hakumkaripia, alimwambia taratibu tu kwamba askari anayelinda wezi hawezi kuwa na mke ambaye mji mzima unamsoma ukutani kama mwizi. Kwamba kwota ni chache na wanaozitaka ni wengi. Kwamba jina lile lisafishwe kabla shule hazijafunguliwa mwaka mpya.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: picha itoke, au sisi tutoke.

"Nenda polisi," mama yangu alimwambia kwa simu kutoka Mbale. "Au mlete Douglas aombe msamaha."

"Msamaha wa nini?" mama mdogo akajibu. Alikuwa anakamua shuka, na simu nilimshikia mimi sikioni. "Msamaha ni mate, dada. Mtu anatema, anafuta mdomo, anaenda. Mimi nataka aibandue mwenyewe. Kwa kucha zake. Watu wakimtazama, na mimi nimesimama pale ni mteja wake."

"Na utawezaje?"

"Bado nakamua," akasema, na maji yakatoka kwenye shuka kama mtu ameikaba koo.

Mimi nilipenda maneno yale. Nasema hivyo kwa sababu kila siku nilipita mbele ya mlango ule nikitoka shule, na wenzangu waliomjua waliniita Mtoto wa Fotokopi. Nilitaka kucha za Douglas zitoke damu.

Likizo ya Desemba ilipofika mama mdogo akasema tunakwenda wote Mbale, amsaidie dada yake hotelini. Mama yangu Gorreti ana hoteli ndogo Nabuyonga, meza chache na mabenchi, anauza malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa na karanga, maharage na posho, ule ugali wetu. Huko Mbale kulikuwa na tawi la pili la Nyota Tano. Mama mdogo alikaa siku kadhaa bila kulitaja, halafu asubuhi moja akavaa viatu akaniambia, "Twende. Nataka nikaone ukuta wao."

Aliingia pale kama mtu anayeingia maji baridi. Akatazama kulia kwa mlango. Wezi hawakuwepo. Palikuwa na picha moja tu, kubwa, yenye fremu: mzee mmoja amekumbatia debe la mafuta anacheka mpaka ufizi unaonekana. Chini: MTEJA WA MWEZI.

"Huyu amefanya nini?" akamwuliza keshia.

Keshia alikuwa Rashida, binti wa mjini hapo hapo, hijabu ya bluu, Kiswahili kinamtoka bila kugonga jiwe. "Huyu mzee? Ndiye aliyeleta kuponi nyingi mwezi uliopita kuliko wote. Wanampa kapu la vitu na picha."

"Si aliyenunua vitu vingi?"

"Hapana. Tajiri wetu, mzee Apollo, anataka watu waone kuponi zinafanya kazi. Anahesabu kuponi halali tu."

"Na picha inakaa hapa."

"Hapa na Jinja. Matawi yote mawili. Mzee Apollo anazipeleka mwenyewe, anasimama anaangalia zikining'inizwa."

Mama mdogo akaitazama ile fremu kama paka anavyotazama shimo la panya. Akavuta kikapu tupu, akakiweka kwenye kaunta, akamwambia Rashida, "Mwanangu, nifundishe kuponi kama mtu anayefundisha mtoto. Mara ya kwanza nilileta fotokopi."

Rashida akafumba mdomo kwa mkono ili asicheke, lakini alicheka. Halafu alipoona mama mdogo hachekeshwi, akaacha. "Mama, kuponi ni kama noti. Noti utampa mtu fotokopi?"

Mama mdogo akaitafuna ile sentensi. "Kumbe," akasema. "Maneno machache hivyo. Angeniambia hivyo tu, ningerudi nyumbani na aibu yangu mwenyewe."

Rashida alimwandikisha kadi ya mteja, akamfundisha wakati ambapo hapakuwa na foleni, na mimi nilisimama nyuma nasikiliza, kwa sababu mambo haya shuleni hawatufundishi. Soma tarehe kwanza, kabla hujafurahi. Halafu soma ukubwa: kuponi ya sabuni ya kilo haichukui sabuni ya nusu kilo hata ukilia. Kata nje ya vidoti, usikate juu yake, maana mashine inasoma mistari ya pembeni. Itoe kabla keshia hajaanza kupiga bei, si baada ya jumla kutoka. Na ukiweza, isubiri ile siku ambayo duka lenyewe limeshusha bei, ndipo uje na kuponi juu yake. "Hapo," Rashida alisema, "hata tajiri anakuna kichwa."

Wiki ya kwanza mama mdogo alifanya makosa ya mtu mwenye hasira. Alitaka kuponi, basi akatumia kila kuponi. Jioni moja akamwaga mfuko juu ya meza ya mama yangu, ndani yake kuna pakiti za chakula cha mbwa.

"Topista," mama akauliza, "tuna mbwa?"

"Hatuna."

"Sasa nani anakula hii? Wateja wangu?"

"Ilikuwa karibu na bure, dada."

"Hata mawe ni bure. Uliyaleta?"

Chakula kile alikigawa kwa majirani wenye mbwa, na tangu siku hiyo akageuza njia. Alianza kupita nyumba kwa nyumba Nabuyonga akiuliza kila mama, "Wiki hii umepanga kununua nini?" Wao wanamtajia, mmoja sukari, mmoja sabuni, mwingine unga wa ngano wa mandazi, wanampa pesa zao, na yeye anarudi na vitu pamoja na chenji ambayo hawakuitegemea. Mwanzoni walidhani ana wazimu. Baadaye walimngoja mlangoni. Nilimwuliza Rashida kama hiyo inaruhusiwa, akasema kadi ya mteja ni ya Topista, kuponi ni za Topista, mashine haiulizi nani anakula.

Shida ilikuwa kuponi zenyewe. Gazeti ni ghali, na sisi kwetu gazeti halinunuliwi, linafungiwa chapati. Kuponi nyingi za Mbale zilikuwa zinakufa ndani ya mafuta ya rolekisi, na yenye mafuta mashine inaikataa. Basi mama mdogo akawa anawahi kwa wauza chapati kabla hawajawasha moto, amebeba karatasi za madaftari yangu ya zamani na kalenda za mwaka uliokwisha. Anabadilishana nao: karatasi zake mbili kwa ukurasa mmoja wenye kuponi. Wauza chapati ni watu wa biashara, hawakukawia kuamka.

"Mama Kuponi, ukurasa huu una sabuni na sukari. Ongeza."

"Niongeze nini? Kalenda yangu ni nzito, angalia, inang'aa."

"Kalenda ina picha ya mbunge. Wateja hawataki kula juu ya mbunge."

"Basi mgeuze uso ndani, ale yeye chapati!"

Walicheka, wakampa. Lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja niliona kicheko kile hakifiki ndani. Akikata kuponi alikuwa anasema jina la Douglas kwa sauti ndogo kila mkasi unapofunga. Douglas. Kwap. Douglas. Kwap. Mama yangu alimsikia pia, akaniambia nisali. Sikusali. Nilimshikia karatasi zisichezecheze.

Mwisho wa mwezi Rashida mwenyewe alikuja mpaka hotelini, amekimbia, hijabu imekwenda upande. "Mama! Umemshinda mzee wa debe! Umewashinda hata wa Jinja!" Mama yangu akapiga vigelegele, wateja wakaacha kijiko hewani. Mama mdogo akauliza jambo moja tu: "Zawadi mtu anachukulia wapi?"

"Tawi lolote unalotaka. Hapa ni karibu."

"Jinja."

Siku ya kupigwa picha alivaa blauzi ya manjano. Ile ile. Alikuwa ameifua na kuileta toka Jinja ndani ya begi, na mimi sikujua kwa nini mpaka siku hiyo. Rashida akainua simu.

"Tabasamu, mama."

"Sitabasamu. Ngoja." Akafungua mdomo nusu, akainua mkono mmoja wenye kuponi.

"Mama, utaonekana kama unagombana na mtu."

"Piga."

Jumamosi ya zawadi ilikuwa siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Wake wa askari walitoka kambini nasi, wengi, wengine wamevaa gomesi kama wanakwenda harusini. Baba mdogo alikuja na sare, amepiga buti rangi. Mzee Apollo alikuwepo, mtu mfupi, suti ya kijivu, anasalimia kila mtu kwa mikono miwili.

Picha mpya ilikuwa imekwisha kuning'inizwa, kubwa, kioo kinang'aa. Na kando yake, kwenye ukuta wa wezi, walibaki wawili: kijana wa waragi na mwanamke wa nepi. Mahali pa tatu palikuwa patupu, pana mraba wa rangi safi kuliko ukuta wote.

Douglas alikuja mbio, mikono mbele. "Karibu sana, mama yetu! Mteja wetu! Karibu!" Kwa Kiswahili. Kiswahili kizuri kabisa, sijui alikuwa amekiweka wapi.

Mama mdogo hakumpa mkono. Alikuwa anatazama ule mraba. Nilijua kinachompita moyoni, kwa sababu mimi pia kilinipita: huyu mtu ameiba mara ya pili. Ameitoa kimya kimya, jana au usiku, peke yake, na sasa hapakuwa na kitu cha kubandua.

"Picha yangu iko wapi?" akauliza.

"Si ile pale, mama! Kubwa! Nzuri!"

"Ile ya mteja. Nauliza ya mwizi."

"Aa, mama, hayo tumeyasahau."

"Wewe umesahau. Mimi sijasahau. Irudishe."

Mzee Apollo akasogea. "Picha gani ya mwizi?"

"Mambo madogo, bosi," Douglas akasema. "Kulikuwa na kutoelewana kidogo—"

"Aulizwe!" mke wa askari mmoja akapaza sauti nyuma. "Aulizwe vizuri huyo!"

Mama mdogo ndiye aliyemweleza mzee Apollo. Hakuficha kitu. Alieleza fotokopi, akaeleza na muhuri wa mwenyekiti, watu wakacheka, na yeye akawangoja wamalize. "Chekeni," akasema. "Nilikuwa sijui, na kutojua kunachekesha. Lakini kutojua si kuiba. Huyu alinipiga picha nikiwa namtaja mume wangu, na mume wangu ni yule pale, na wafungwa wamemcheka, na nyumba karibu tuipoteze. Mzee, hilo nalo linachekesha?"

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Apollo akamgeukia Douglas. "Iko wapi?"

"Kwenye droo, bosi."

"Ilete."

Akaileta, imekunjwa pembe. Mzee Apollo akaipokea, akaitazama, akaitazama na ile kubwa, akatikisa kichwa. "Mama, tumeiona. Aichane hapa hapa mbele yako, tumalize."

"Mzee," mama mdogo akasema, "mimi sikubandikwa ndani ya droo."

Akaunyoshea kidole ule mraba mtupu.

"Aibandike pale ilipokuwa. Halafu aitoe."

Douglas alimtazama bosi wake amwokoe. Bosi akatazama pembeni. Basi akachukua gundi kaunta, na kwa haraka ya kutaka kumaliza akaipaka nyingi mno, akaibandika ndani ya ule mraba. Sasa zilikuwa mbili kando kwa kando, mwizi na mteja, blauzi moja, mdomo mmoja, mkono mmoja umeinuka na karatasi. Hata mtoto mdogo aliona ni mtu yule yule. Makeshia waliacha mashine zao. Wateja waliokuwa ndani walitoka na vikapu vyao bila kulipa na mlinzi hakuwazuia.

"Sasa toa."

Haikutoka. Gundi ilikuwa imeshika. Akavuta, ikachanika kwenye kidevu. Akavuta tena, ikatoka pembe tu. Ikabidi akwaruze. Alikwaruza kwa kucha, paji la uso, blauzi, karatasi ya mkononi, vipande vinadondoka kwenye viatu vyake vinavyong'aa, na jasho likalowesha shati lile la pasi mgongoni. Mama mdogo alisimama nyuma yake karibu sana, kikapu mkononi, akimwonyesha kwa kidole, "Bado hapa. Na hapa, sikio limebaki." Sijawahi kuona mtu ametulia kama yeye siku ile.

Ilipokwisha, mzee Apollo akasema kwa sauti ya watu wote, "Douglas, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Wake wa askari walipiga vigelegele. Mimi nilipiga pia. Lakini mama mdogo akainua mkono. "Usimfukuze, mzee."

"Eh! Mama ana moyo!" mtu akasema. Douglas mwenyewe macho yalimjaa machozi. "Asante, mama. Mungu akubariki, mama."

"Usimshukuru Mungu haraka," mama mdogo akamwambia. Halafu kwa mzee Apollo: "Akifukuzwa ataenda Kampala, atasahau. Mwache hapa. Jumamosi ni siku yangu ya kununua. Nataka yeye ndiye anifungulie mlango, na yeye ndiye apokee kuponi zangu, azisome moja moja kwa sauti, tarehe na ukubwa, aseme kama ni halali."

Mzee Apollo akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Sawa, mama," akasema polepole. "Jumamosi."

Mkuu wa kambi aliambiwa siku ile ile, na habari ya kwota ikaisha. Wafungwa nao wakaanza kumwamkia baba mdogo vizuri. Wanawake wa kanisani, waliokuwa wameacha kukaa benchi moja na mama mdogo, wakaja na ndizi kumpongeza. Aliwapokea ndizi, hakuwapa kiti.

Tangu hapo kila Jumamosi tunakwenda. Siku nyingine ana kuponi nyingi, siku nyingine anayo moja tu ya chumvi, lakini anakwenda. Douglas anasimama kaunta anasoma, "Chumvi, nusu kilo, mwisho tarehe thelathini, halali," na sauti yake inazidi kuwa nyembamba. Amekonda. Jumamosi iliyopita nilimwangalia nikakaribia kumhurumia, nikageukia rafu za chumvi.

Baba mdogo naye alimwona alivyokonda. Siku moja, kabla hatujatoka nyumbani, alimwambia mama mdogo, "Topista, imetosha. Picha imetoka, nyumba tunayo. Mimi kazi yangu ni vifungo. Hata aliyeua mtu anajua tarehe yake ya kutoka."

Mama mdogo alikuwa anakata kuponi kando ya vidoti, taratibu. "Tarehe anatoa hakimu," akasema. "Mimi ni mteja tu, Romano."

Tukatoka. Douglas alituona tukiwa bado ng'ambo ya barabara, akawahi kuufungua mlango, akaushika. Mama mdogo akasimama. Palikuwa na mwanamke anachoma mahindi pale pembeni. Akachagua hindi, akalirudisha, akachagua lingine, akaomba liongezwe moto. Halafu akasimama kando ya barabara analila, punje kwa punje, anamtazama Douglas, na Douglas ameshika mlango.